Mchagua nazi ana haki ya kuitikisa

Methali ya "mchagua nazi hupata koroma" hutupiwa kila mtu asiyepokea cha kwanza alichopewa: msichana aliyeirejesha posa, kijana aliyeikataa kazi ya mjomba wake, mke asiyeingia kila upatu unaoanzishwa mtaani. Wanaoitumia hivyo sidhani kama wamewahi kusimama mbele ya fungu la nazi kwenye masoko ya Unguja, pale Darajani au Mwanakwerekwe, wakatazama wajuzi wanavyonunua. Mpishi anayejua kazi yake hababaishwi na ukubwa. Huinyanyua nazi iliyofuliwa, akaitikisa karibu na sikio. Nazi pevu maji yake yamepungua, yana nafasi ya kucheza ndani, kwa hiyo husikika yakipiga. Koroma, nazi ambayo haijapevuka, limejaa maji tele, halisikiki, na mkononi ni zito. Kifuu chake bado hakijakolea rangi. Isiyotoa sauti kabisa na ni nyepesi, hiyo imepata ufa mahali au imekauka, na tui lake halitanyweka. Mwisho huigeuza kuangalia macho matatu: yakiwa na unyevu au ukungu, anairudisha kwenye fungu na kuchukua nyengine. Yote hayo hayamalizi nusu dakika. Anayekwenda nyumbani na koroma ni yule aliyechagua kwa macho, akavutiwa na kubwa na nzito.

Mimi hivyo ndivyo ninavyoisoma methali ile. Mtu mteuzi hana kosa kwa kuteua. Kosa lipo pale anapoteua bila kujua anachokisikiliza. Na kwa kuwa kwetu visiwani mteuzi huitwa mwenye maringo, mgumu wa watu, au huambiwa "anajisikia", ni vizuri kuifungua tabia hii sehemu kwa sehemu, kisha tuone namna ya kukataa bila kuvunja ujirani.

Tabia yenyewe

Vipimo vya haiba vinavyosambaa simuni, vile vya herufi nne na aina 16 za watu, vimewapa vijana wengi jibu la haraka: "Mimi ni aina fulani, ndiyo maana nakataa." Mzizi wake ni mawazo ya Carl Jung, daktari wa Uswisi, ambaye mwaka 1921 alieleza tofauti kati ya watu ambao nguvu zao huelekea ndani na wale ambao huelekea nje. Mama na bintiye wa Marekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, ndio waliotengeneza kipimo kwa kuyafuata mawazo hayo. Kinafaa kwa kuanzia kujitafakari, lakini usikitegemee kwa zaidi ya hapo. Humweka mtu upande huu au ule hata kama yuko karibu na katikati, na ndiyo maana wengi wanaokirudia baada ya wiki chache huangukia aina nyengine.

Wanasaikolojia hutegemea zaidi mgawanyo wa sifa tano kuu: uwazi wa fikra kwa mambo mapya, umakini na mpangilio, uchangamfu, ukubalifu, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kusema hapana kunakaa hasa kwenye ukubalifu. Wanasaikolojia wawili, Paul Costa na Robert McCrae, waliugawa ukubalifu huo vipande sita: kuwaamini watu, kusema wazi bila hila, kusaidia, kukubali ili kuepusha mzozo, unyenyekevu, na huruma.

Kiangalie kile cha nne. Mtu anaweza kuwa chini kwenye kukubali kwa ajili ya kuepusha mzozo, na akawa juu kabisa kwenye kusaidia na huruma. Huyu ndiye jirani ambaye haonekani kwenye kila kikao cha kamati ya harusi, lakini mzazi akishikwa na uchungu saa nane za usiku, mlango wake ndio unaogongwa. Kinyume chake pia kipo, na kinaumiza zaidi: mtu aliye juu kwenye kukubali na chini kwenye kusema wazi. Anaitikia kila ombi kwa tabasamu, halafu siku ikifika simu haipokelewi. Mtaani, huyu wa pili ndiye anayesifiwa kwa upole, na wa kwanza ndiye anayesemwa. Naona hapo tunapima kwa mizani mbovu.

Ukimya nao ni jambo jengine. Mkimya si lazima awe mteuzi. Wapo wachangamfu, wasiokosa baraza jioni, ambao ukiwaomba jambo lisilowafaa wanakwambia hapo hapo na kicheko juu. Na wapo wakimya ambao wanabebeshwa kuliko watu wote, kwa sababu kimya chao husomwa kuwa ndiyo. Ukiwa mkimya, jambo la kwanza la kujifunza ni kulitamka neno, hata kwa sauti ndogo.

Halafu kuna wateuzi wa aina mbili, na tofauti yao ndiyo inayoamua kama tabia hii itakupa raha au itakutesa. Mwaka 1956 Herbert Simon, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, alieleza kuwa kiumbe mwenye muda mdogo na habari chache hutafuta kinachotosheleza kiwango alichojiwekea, kisha husimama. Mwengine hutaka kilicho bora kuliko vyote, na hasimami. Mwanasaikolojia Barry Schwartz na wenzake waliwapima watu wa aina zote mbili mwaka 2002, wakakuta wanaotafuta kilicho bora kuliko vyote wana majuto zaidi na furaha pungufu. Utafiti mwengine wa mwaka 2006 uliwafuatilia wahitimu wa vyuo waliokuwa wakitafuta kazi: waliotafuta kilele walipata mishahara ya kuanzia iliyowazidi wenzao kwa takriban asilimia 20, na bado waliridhika kidogo na kazi walizozipata.

Kwa hiyo andika kiwango kabla hujaanza kuangalia. Ukitafuta nyumba ya kupanga Fuoni au Kiembesamaki, andika vitu vinne: maji yanatoka, umeme una mita ya peke yake, daladala haizidi mwendo wa dakika 10 kwa miguu, na kodi haivuki kiasi fulani. Nyumba ya mwanzo itakayotimiza vyote vinne, ichukue na uache kuuliza. Isiyotimiza kimoja, ikatae hata kama mwenye nyumba ni rafiki wa baba. Anayeingia mtaani bila karatasi hiyo ataangalia nyumba 15, atazichanganya kichwani, na mwisho atapanga ile aliyoonyeshwa siku aliyochoka.

Muhali

Watu wa bara hushangaa wakilisikia neno hili linavyotumika Unguja na Pemba. Kwa asili ya Kiarabu ni jambo lisilowezekana. Kwetu limechukua maana nyengine juu ya hiyo: kuona muhali ni kujua kabisa kwamba hutaki, na ulimi ukashindwa kusema kwa sababu ya nani anayekuomba. Ni ami yako. Ni mtoto wa mwalimu wako wa chuo cha Qur-ani. Ni jirani ambaye mama yake alimuogesha mama yako siku alipofariki.

Sitaki kuudharau muhali. Katika mji ambao mtu uliyemkatalia mchana utasimama naye safu moja Magharibi, utapanda naye daladala moja asubuhi, na utakutana naye kwenye maulidi Ijumaa, kuoneana haya kumetunza mengi. Lakini una gharama, na mara nyingi anayelipa siye aliyekubali. Wanaopigania kesi za udhalilishaji wa wanawake na watoto hapa Zanzibar wamelitaja muhali mara nyingi kuwa ndio unaowazuia jamaa kwenda kutoa ushahidi, kwa sababu mtuhumiwa ni ndugu au jirani. Hapo mtoto ndiye aliyelipishwa heshima ya watu wazima. Kwa hiyo mtu ambaye maumbile yake yanamruhusu kusema hapana ana kazi ya kufanya katika jamii hii, na asiitwe mchawi kwa sababu tu "mkataa wengi ni mchawi".

Na mila zetu zenyewe zimeshatengeneza hapana zisizoumiza. Mpite mtu barazani anakula, atakwambia "Karibu!" Unajibu "Starehe," unaendelea na njia. Umekataa chakula cha mtu mbele ya macho yake, na hakuna aliyeudhika. Hukueleza kuwa umeshiba, hukutaja daktari, hukuahidi kuja kesho. Neno moja, lenye kumtakia mwenzako raha, kisha hatua zinaendelea. Kila hapana nyengine nitakayoieleza huku chini inafuata umbo la "starehe".

Hodi nayo ina hapana ndani yake. Mgeni hubisha mara tatu. Asipoitikiwa huondoka, na hadithi ya Mtume ya kubisha mara tatu inajulikana na kila aliyesoma chuoni. Surat An-Nur, aya ya 28, inakwenda mbali zaidi: mkiambiwa rudini, basi rudini, ndiyo usafi zaidi kwenu. Mwenye nyumba amepewa haki ya kusema rudi, na mgeni amefundishwa asione vibaya. Nadhani tumekishika kipande cha hodi tukakiacha cha kurudi.

Hapana ya Kiswahili

Lugha yetu ina hapana nyingi na kila moja ina uzito wake, kwa hiyo chagua kwa sikio kama nazi.

"Sitaki" inaiweka nafsi yako mbele. Kwa mkubwa ni utovu wa adabu, na hata kwa rika inakwaruza. Iweke kwa ajili ya mtu aliyekwishaambiwa mara mbili, au anayekugusa bila ruhusa; hapo itumie na uipaze.

"Siwezi" inasikika laini, lakini imeacha mlango wazi. Anayekuomba ataanza kukitafuta kinachokuzuia. Huwezi kwa kuwa huna usafiri? Atakufuata na gari. Huna pesa? Basi utatoa mwisho wa mwezi. Ukimpa sababu tatu umempa milango mitatu, na atakapoifunga yote utabaki umesimama huna pa kutokea.

"Sitoweza" ni nzuri kwa jambo lenye tarehe. "Jumamosi sitoweza kuja" humwambia mwenzako kwamba umeshaitazama Jumamosi hiyo, umeshaamua, na hakuna cha kurekebishwa.

"Sikopeshi", "sidhamini", "sitoki baada ya Isha": hizi ndizo zenye nguvu kuliko zote, kwa sababu zinaeleza desturi yako, hazimhukumu mwombaji. Vanessa Patrick na Henrik Hagtvedt walichapisha mwaka 2012 utafiti ulioonyesha kwamba watu waliojiambia "huwa sifanyi" walikishinda kishawishi zaidi kuliko waliojiambia "siwezi kufanya". Sisi tunalibeba jambo hilo katika neno moja. Lakini lina sharti: liwe kweli kwa watu wote. Ukimkopesha mmoja kwa siri na ukamwambia mwengine "sikopeshi", Mji Mkongwe ni mdogo na habari itafika kabla ya Ijumaa. Baada ya hapo sentensi yako imekufa, na umemdhalilisha uliyemkatalia.

"Bado" itumie pale tu unapomaanisha baadaye. Anayeambiwa "bado sijaamua" amealikwa arudi, na atarudi.

Sasa "Inshaallah". Surat Al-Kahf, aya ya 23 na 24, inakataza kusema "hakika nitalifanya hilo kesho" bila ya kuongeza "akipenda Mungu". Maana yake ni ahadi ya mtu anayejua mipaka yake. Sisi tumeigeuza kuwa njia ya kukataa kwa upole, mpaka mtu akijibiwa "Inshaallah" anatafuta mwengine wa kumwomba. Ukikusudia kukataa, tumia neno jengine, na Inshaallah iachie ahadi unazozikusudia. Ahadi ni deni hata ikitolewa kwa kunong'ona.

Na "hapana" yenyewe: itenganishe uone, ha-pa-na. Inasema mahali fulani pako patupu. "Mwezi huu hapana nafasi" haimlaumu yeyote, ni sawa na kumwonyesha mtu chombo kilichojaa.

Ombi likifika

Kwanza uliza vitu vitatu kabla ya kujibu lolote: ni jambo gani hasa, lini, na kiasi gani. Maombi mengi huja yakiwa na ukungu: "Dada, tusaidie kwenye shughuli yetu." Kusaidia ni nini? Kupika sufuria mbili za pilau, kuchanga shilingi 50,000, au kusimama mlangoni siku nzima? Wengi hukubali ukungu, halafu hulalamika wakishauona mzigo.

Pili, omba muda wenye mwisho. "Nipe mpaka Alhamisi baada ya Alasiri, nitakupigia." Hapo utakuwa umejipa nafasi ya kuondokewa na haya ya uso kwa uso. Kisha Alhamisi ikifika piga wewe. Kosa kubwa la wateuzi wapole ni hili: huomba muda wakinuia kwamba mwombaji atasahau. Hasahau. Hukaa akikuhesabu, hamwombi mwengine, na ukija kukataa siku mbili kabla ya shughuli umemuumiza mara tano zaidi ya ambavyo ungemuumiza siku ya kwanza. Hapana ya mapema ni msaada, kwa sababu inampa nafasi ya kutafuta kwengine.

Tatu, lipitishe ombi kwenye chujio. Fiqhi imetufundisha kutenganisha fardhi ain, ambayo kila mmoja atajibu mwenyewe kama sala tano, na fardhi kifaya, kama sala ya maiti, ambayo wakiisimamisha baadhi wengine wameondokewa na lawama. Siutolei fatwa mgawanyo huu, nauazima tu. Jiulize: hili ni langu mwenyewe, au likifanywa na mwengine limetosha? Kumpeleka mama hospitali ni lako. Kuwa mtunza hazina wa kamati ya tatu mwaka huu, wapo wengine. Wateuzi wachanga hukosea kwa kukataa ya kundi la kwanza ili wabaki na nguvu za kundi la pili, kwa sababu kundi la pili lina watu wa kuwasifu.

Nne, jibu. Kwa ami aliyekuomba umdhamini mkopo, maneno yanaweza kuwa haya:

"Shikamoo ami. Lile ulilonambia nimelifikiria siku zote hizi. La dhamana niwie radhi, mimi sidhamini mkopo wa mtu yeyote. Ukitaka mtu wa kwenda nawe kuwaomba wakuongezee muda, nitakuja Jumatatu asubuhi."

Hesabu vilivyomo: salamu kamili, dalili kwamba ombi limepewa heshima yake, radhi mara moja tu, hapana ya sentensi moja, na jambo dogo la kweli unaloliweza, lenye siku yake. Kisha nyamaza. Kimya kitakachofuata ni kizito, na hapo ndipo wengi huvunjika wakaanza kuongeza: "Si kwamba sitaki, ami, ila unajua mshahara, na mtoto anaingia skuli..." Usikijaze kimya hicho. Mwache aseme yeye. Na kama huna jambo dogo la kutoa, usilibuni. Anayekataa shilingi 50,000 halafu kwa aibu akaahidi kusimamia upishi wa harusi nzima amelipa zaidi ya alichokikataa.

Usimtume mtu akakatae kwa niaba yako, isipokuwa kwenye posa ambayo ina mshenga wake. Hapana ikipita midomo miwili hufika na maneno usiyoyasema.

Pesa, harusi na dhamana

Ni vigumu kukataa ombi la pesa kwa kuangalia sura ya anayeomba. Ni rahisi zaidi ukiwa na fungu. Tuseme mtu anapata shilingi 400,000 kwa mwezi na ametenga sehemu moja ya kumi kwa ajili ya watu: 40,000. Anaweka 15,000 kwa harusi moja, 15,000 kwa nyengine, na 10,000 haziguswi, ni za maziko na maradhi yasiyotoa taarifa. Harusi ya tatu ikija, jibu analo: "Fungu la mwezi huu limekwisha, nitakuja kwa miguu yangu na dua." Shaabani na baada ya Idi kubwa na ndogo harusi hurundikana, kwa hiyo mwenye busara huanza kulijaza fungu miezi miwili kabla. Maziko usiyakatae kwa hoja ya fungu. Hata usipokuwa na senti, kufika na kubeba kunatosha.

Sare ndiyo inayowatia watu madeni kimyakimya. Kuna kitambaa, kuna mshoni, kuna mtandio wa kufanana nacho, kisha kuna cha kutunza. Ukiona huiwezi, sema kabla kitambaa hakijanunuliwa: "Harusini nipo, sare sitovaa." Ukisema baada ya kununuliwa, gharama ya pande lako imebaki kwa mtu mwengine na amepata haki ya kukusema. "Kukopa harusi, kulipa matanga" wahenga hawakuibuni hewani.

Upatu una wakati mmoja tu wa kukataa: kabla ya mtu wa mwanzo kupokea. Chukua upatu wa watu 10, kila mmoja 20,000 kwa wiki, anayepokea anapata 200,000. Aliyeingia kwa muhali, akapokea wiki ya tatu, akaacha kutoa baada ya wiki ya sita, ametoa 120,000 na amechukua 200,000. Watu wanne wa mwisho kila mmoja atapokea pungufu kwa 20,000. Huyo hakusema hapana, amekula pesa za watu. Kama moyo haukuridhia siku ya kwanza, ile "ndiyo" ya siku hiyo ndiyo iliyoleta madhara.

Dhamana naiweka peke yake. Kutia sahihi ni kukubali kulipa kama mkopaji hakulipa, na kwenye vyama vya kuweka na kukopa, akiba ya mdhamini ndiyo hushikwa. Kipimo ninachokipendekeza ni kimoja: usidhamini kiasi ambacho usingeweza kukitoa sadaka leo ukalala usingizi.

Posa

Hapa uteuzi una haki kamili, na hapa ndipo muhali unapoingia kwa nguvu kuliko kwengine. Jibu lenye adabu ni la haraka. Familia huomba muda wa kuulizana. Ukishajua ni hapana, wiki moja au mbili zinatosha. Jibu lipitie kwa mshenga aliyeileta barua, na kilichokuja na barua kirejeshwe kama kilivyo. Sababu usiitaje, hasa ikiwa inahusu kazi ya kijana au asili yake. "Hapana bahati" inatosha, na inamlinda yeye atakapokwenda nyumba nyengine.

Kuna jambo zito kwa wasichana wakimya. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba ridhaa ya bikra ni kunyamaza kwake, kwa kuwa huona haya. Kwa hiyo msichana asiyetaka hana ruhusa ya kunyamaza. Kimya chake kinaweza kupelekwa kwa kadhi kama ndiyo. Amwambie mama, shangazi au bibi kwa maneno yanayosikika, siku ile ile anayoulizwa. Na anayemuuliza amuulize wakiwa wawili, si mbele ya wajomba wanne.

Ama istikhara: ni rakaa mbili na dua yake inayojulikana kutoka hadithi ya Jabir. Wengi husubiri ndoto baada yake. Hadithi ile haikutaja ndoto. Omba, shauriana, kisha amua.

Simu

WhatsApp ina kukataa kwake kimyakimya, na mtu asione haya kukataa hivyo. Kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, kuna mahali pa makundi ambapo unachagua nani anaweza kukuingiza. Ukiweka watu wa orodha yako tu, wengine itawabidi wakutumie mwaliko na wewe uamue. Alama za buluu za kuonyesha umesoma unaweza kuzizima kwa mazungumzo ya watu wawili, ila kwenye makundi hazizimiki. Na tangu mwaka 2022 ukitoka kwenye kundi wanaojulishwa ni wasimamizi peke yao. Kundi la ukoo ninakushauri ulinyamazishe tu usitoke, kwa sababu habari za misiba hupita humo.

Baada ya kukataa

Utamkuta. Atakuwa dukani, au barazani akicheza bao, au mtakutana uchochoro mwembamba hapana pa kugeukia. Wanaokataa kwa mara ya kwanza huanza kumkwepa waliyemkatalia, na huko kukwepa ndiko kunakoifanya hapana ionekane uadui. Kuna hadithi kwamba si halali kwa Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza kwa salamu. Basi zihesabu siku hizo tangu ulipokataa, na kabla ya ya tatu kwisha mtafute wewe. Msalimu, muulize watoto, muulize jambo lake limefikia wapi. Usiombe radhi tena, wala usilirudie jibu. Akikukaribisha kahawa, usimjibu "starehe" siku hiyo. Kaa unywe.